"Tumekuchangia Ada, Wewe Uko Kwenye Rock": Leo Nawajibu

Habari zenu jamani, na shikamooni wakubwa wote mnaonitazama. Leo nimekaa chumbani, taa ni hii moja, mnivumilie.

Toka niweke ile video ya darajani Broad Street, lile daraja lenye jina la Black Sabbath, bendi ya rock ya hapa Birmingham, swali ni lile lile kila nikifungua simu: "Umeenda Birmingham kusoma au kusikiliza miziki ya mashetani?" Mwingine kaandika, "Sisi tumekuchangia ada, wewe uko kwenye matamasha." Huyo nimemjua kwa picha yake. Ni mtu wa nyumbani kabisa, Morogoro, na imeniuma. Kwa hiyo leo najibu mara moja, halafu sirudii.

Nianze na hela. Tamasha la mwisho la Black Sabbath, tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, mimi sikuingia. Tiketi ya chini kabisa ilikuwa inakaribia pauni 200, kama laki saba ya kwetu. Kima cha chini cha mshahara huku wakati ule kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe: ni saa 16 na ushee za kubeba maboksi, na viza ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 tu kwa wiki. Na msiniambie kiangazi ni likizo. Sisi wa masters kiangazi ndio tunaandika tasnifu, kwa hiyo saa zinabaki 20 zile zile. Nilichokwenda ni maonesho ya Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, kwenye makumbusho ya jiji, ambayo hayakuwa na kiingilio. Na kule darajani nilikwenda kwa miguu.

Watu wanadhani huku tumekalia hela. Nani anakumbuka viza yangu ilivyokuwa? Hela inatakiwa ilale benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Siku ya 23 benki ikakata makato yake, salio likashuka kwa shilingi elfu chache tu. Tukaanza kuhesabu upya, siku ya kwanza. Wakala niliyemlipa aniangalizie mambo hayo hayo akasema hayamhusu, na hela yake hakurudisha. Halafu kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unailipa hujui hata kama viza utapewa. Mama aliuza mashine yake ya kusaga ili nifike hapa. Hela ya mashine ya mama siwezi kuipeleka uwanjani, naomba mnielewe.

Haya, mziki wenyewe. Nasema ya kwangu binafsi, mwingine akija huku atapenda kingine kabisa, kwa hiyo asije mtu akasema nimemshauri.

Wengi mnataka nimzungumzie Freddie Mercury kwa sababu kazaliwa Zanzibar, mwaka 1946, na familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Sauti ile nani ataipinga? Zile dakika zake 20 za tamasha la Live Aid, Wembley 1985, nimezitazama mara nyingi kuliko hata mechi za Simba. Lakini bendi yake, Queen, nawasikiliza kama mtu anayetazama harusi ya matajiri akiwa ng'ambo ya barabara. Beatles ni watamu, ila hawakai na mimi nikishazima simu. John Bonham wa Led Zeppelin, mzaliwa wa Redditch, hapo hapo kusini mwa Birmingham, yule anapiga ngoma mpaka unasikia ngozi. Ningemkalisha na wapiga tumba wetu wakaelewana bila mkalimani.

Walionishika ni Black Sabbath, na nimewajulia ghalani ninakobeba maboksi. Kuna mzee mmoja Mwingereza tunafanya naye zamu ya usiku. Usiku mmoja tumekaa juu ya pallet tunakunywa chai, akaniuliza kama namjua Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Nikasema hapana. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akakunja kidole cha kati na cha pete, akasema, "Hivi viwili, ncha zilikwenda na mashine."

Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati humu humu Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Na yeye anapiga gitaa kwa kushoto, maana yake mkono uliokatwa ndio ule unaobana nyuzi. Meneja wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa ambaye mkono wake uliungua moto na bado akapiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akazivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Ule mlio mzito mnaouita wa mashetani, kwa sehemu kubwa umetoka hapo, kwenye maumivu ya kijana wa kiwandani.

Mama zangu wa jumuiya, nawasikia. Jina la bendi linatisha, ni jina la filamu ya kutisha. Lakini Geezer Butler, aliyeandika mashairi yao mengi, amelelewa Mkatoliki, na misalaba waliyokuwa wakivaa shingoni ilitengenezwa na baba yake Ozzy, ambaye naye alikuwa fundi wa kiwandani. Mwaka 1970 waliimba kuwalaani majenerali wanaopeleka watoto wa maskini vitani. Mimi sioni shetani hapo.

Na mwaka huo huo wa 1970, wakati vijana hawa wa Aston, mtaa wa hapa Birmingham, wanatoa albamu yao ya kwanza, Mbaraka Mwinshehe wetu na Morogoro Jazz walikuwa Japani, kwenye maonesho ya Osaka. Kwa hiyo anayesema nimetupa vya kwetu, hapana. Nikitoka kazini alfajiri, kwenye basi namsikiliza Iommi, halafu Mbaraka, halafu narudi kwa Iommi. Morogoro na Birmingham ni miji ya viwanda yote miwili, na magitaa yamekulia karibu na mashine.

Hili la mwisho sikutaka kulisema, ila ndilo lililonishika. Baba yangu alikuwa anapiga solo kwenye bendi ya mtaani kabla mimi sijazaliwa. Mashine ya kufuma ilimla ncha ya kidole cha pete, kiwandani, na hakulipwa hata senti. Gitaa likaenda kwa baba mdogo. Sijawahi kumwona baba akilishika.

Jumapili nimempigia, nikamsimulia habari ya Iommi yote. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza, "Plastiki yenyewe ni ya chupa ya nini?" Nikamwambia ya sabuni ya kuoshea vyombo. Akauliza tena, "Na hizo nyuzi nyembamba, huko ni bei gani?"

Nimeshanunua pakiti mbili. Ni nyepesi, hazijai hata kiganja. Mwenye mtu anayekuja Dar mwezi huu na ana nafasi kwenye begi, naomba aniandikie hapo chini.