Kumtambua Kamba wa Kilindini: Kutoka Wavuni Hadi Jina

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nitaanza na jambo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote: jina la spishi, yaani la aina moja ya kiumbe, ni dai. Anayechapisha jina jipya anadai kwamba kamba huyu wa vilindi vya bahari aliye ndani ya chupa hii si mmoja wa wale wanaojulikana, na papo hapo anawapa wenzake njia ya kumsuta. Kama njia hiyo haipo, kazi haijafanyika, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Kazi huanzia melini, tena mbiombio. Wavu wa kukokota unapopanda kutoka mita elfu moja au elfu tatu, kamba wengi huwa wekundu wa kukolea. Nuru nyekundu ya jua humezwa na maji ya juu. Huko chini mwanga uliopo, ambao sehemu kubwa hutolewa na viumbe wenyewe, ni wa buluu, na mwili mwekundu ukimulikwa kwa buluu huonekana mweusi. Kwa hiyo wekundu ni maficho. Lakini haustahimili spiriti: kamba huyohuyo akikaa chupani hufifia mpaka akawa mweupe wa kuchujuka. Basi pigeni picha kwanza, mnyama akiwa bado ndani ya maji baridi, rula ikiwa kando yake. Kisha kateni kipande cha msuli au mguu mmoja wa kuogelea, mkitie kwenye spiriti ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, hushika umbo vizuri sana, ila huharibu vinasaba. Ukiitanguliza, habari hiyo imekupotea kabla hujafika maabara.

Na mwandike kina kwa uangalifu. Wavu usiofungwa mdomo wakati wa kupanda huendelea kunasa wanyama njiani, kwa hiyo kamba aliyeandikwa kuwa ni wa mita 3,000 huenda aliingia wavuni kwenye mita 700. Nimesoma lebo nyingi zenye kina kimoja tu, pasipo kutajwa ni wavu wa aina gani, na kila mara nimebaki na shaka.

Haya, sasa tuketi mbele ya hadubini. Msikimbilie spishi. Ulizeni kwanza huyu ni wa kundi gani, na mtazameni ubavuni. Pingili za fumbatio, sehemu ya nyuma ya mwili, zina vibamba vinavyoteremka pande zote mbili. Kibamba cha pingili ya pili kikifunika cha mbele yake na cha nyuma yake, mnyama huyo ni wa kundi la Karidea. Kama kibamba cha kwanza ndicho kinachokifunika cha pili, na cha pili kinafunika cha tatu, kama vigae vinavyolaliana kuelekea upande mmoja, mmempata Dendrobrankiata, kundi la penaidi. Hakikisheni kwa miguu: penaidi wana gando katika jozi tatu za mwanzo za miguu ya kutembelea, Karidea hawana gando katika jozi ya tatu. Na mkimkuta jike amebeba mayai chini ya fumbatio, si penaidi, kwani hao huyaachia mayai majini. Stenopodidea, kundi jingine la kamba, nao wapo, leo nawaruka.

Baada ya hapo ni familia, na hapo gando ndilo lenye habari. Katika Pandalidae, kifundo cha jozi ya pili ya miguu kimekatika vipande vidogo vingi, na gando la jozi ya kwanza ni dogo mno au halipo kabisa. Katika Pasiphaeidae, vidole vya gando vina meno yaliyopangika kama ya kitana. Ndani ya Sergestidae, wengi hutenganishwa kwa mpangilio wa viungo vyao vya kutoa mwanga. Chini ya familia kuna jenasi, kikundi cha spishi za karibu: jenasi Heterocarpus ina matuta yanayokimbia kwa urefu wa gamba la mgongo, na ukiyapapasa kwa ncha ya sindano unayasikia.

Mwiba unaotokeza mbele katikati ya macho, rostramu, huhesabiwa meno yake ya juu na ya chini. Wanaoanza hupenda hesabu hii kwa sababu ni rahisi. Mimi siiamini peke yake. Idadi ya meno hutofautiana kati ya kamba na kamba wa spishi ileile, mwiba wenyewe huvunjika wavuni, na ukivunjika mnyama angali hai huota tena, mara nyingine kwa umbo jingine. Ndiyo sababu urefu wa kamba hawa hupimwa kwenye gamba la mgongo, kuanzia ukingo wa nyuma wa tundu la jicho hadi mwisho wa gamba kwenye mstari wa katikati. Ukipima kutoka ncha ya mwiba, unapima ajali zilizompata.

Halafu jinsia. Dume wa Karidea ana kijiti cha ziada ndani ya jozi ya pili ya miguu ya kuogelea, kipekueni, msikisie. Katika Pandalus borealis, kamba wa bahari baridi za kaskazini, mnyama huanza ukubwa wake akiwa dume kisha hugeuka jike. Ukipata wadogo wote madume na wakubwa wote majike, usiseme una spishi mbili.

Umri una mitego mibaya zaidi. Mwaka 1986 Austin Williams na Peter Rona walichapisha jina Rimicaris exoculata, kamba anayejazana kwa maelfu kwenye chemchemi za maji moto za eneo liitwalo TAG, katikati ya Atlantiki, kiasi cha mita 3,600 chini. Jina la pili linamaanisha aliyenyimwa macho, maana hakuwa na macho mahali yanapotazamiwa. Miaka mitatu baadaye Cindy Lee Van Dover na wenzake walionyesha kwamba viungo viwili vikubwa vilivyo chini ya gamba la mgongo vina rodopsini, kemikali ileile inayopokea mwanga machoni, ingawa havina lenzi. Jina lilibaki vilevile, kwa kuwa kanuni za majina ya wanyama haziruhusu kulibadili kwa sababu tu maana yake imepitwa.

Kisha wakaonekana kamba wadogo wa rangi ya chungwa kwenye chemchemi hizohizo za Atlantiki. Wana sura yao, na mwaka 1996 walipewa jenasi mpya kabisa, Iorania. Mwaka 1998 vinasaba vikasema: hao ni watoto wa Rimicaris exoculata. Kadiri wanavyokua umbo lao hubadilika mno, na kiungo cha kuonea huhamia mgongoni. Aliyeipa jina Iorania alitazama vizuri tu, na tofauti alizoziona zipo kweli. Kosa ni kwamba zilikuwa tofauti za umri.

Naona mkono umeinuliwa. Unauliza kama jina la mtoto linaweza kulishinda la mzazi? Ndiyo, na limewahi. Mwaka 1828 John Edward Gray alimwelezea kiumbe mdogo mwenye silaha mwili mzima, ana pembe na gamba nene, akamwita Cerataspis monstrosa. Tangu hapo alikuwa akipatikana hasa matumboni mwa jodari na samaki wengine wakubwa, na hakuna aliyewahi kumwona mzazi wake. Katika karne ya 19 wapo walioshuku kwamba ni lava, yaani mtoto asiyefanana bado na mzazi, wa kamba fulani wa kundi la penaidi. Jibu lilipatikana mwaka 2012. Heather Bracken-Grissom na wenzake walimpata mmoja katika Ghuba ya Meksiko, wakalinganisha jeni zake tano na za kamba wakubwa, naye akalingana na Plesiopenaeus armatus, kamba wa vilindi vya maelfu ya mita. Mzazi huyo alikuwa amepewa jina na Spence Bate mwaka 1881, kutokana na safari ya meli ya utafiti Challenger. Kanuni za majina ya wanyama haziulizi jina lilitolewa kwa lava au kwa mzee; zinauliza lipi lilitangulia. Basi leo kamba huyo mkubwa ni Cerataspis monstrosus.

Msidhani basi kwamba vinasaba vimemaliza kazi. Kipande cha jeni iitwayo COI, herufi 650 hivi za vinasaba, ndicho kinachotumika zaidi tangu Paul Hebert na wenzake walipokipendekeza mwaka 2003 kuwa alama ya kutambulia wanyama. Lakini kwa krasteshia, jamii ya kamba na kaa, kuna nakala mfu za jeni hiyo zilizojificha kwenye kiini cha seli, na mashine huzisoma kana kwamba ni zenyewe. Wala hakuna asilimia ya tofauti iliyokubaliwa kwamba ikivukwa spishi ni mpya. Anayeniletea jedwali la asilimia bila chupa ya mnyama, namrudisha akalete chupa.

Maana chupa ndiyo mwamuzi. Mnachagua kielelezo kimoja, holotaipu, kinachobeba jina milele, na vingine vya kukiunga mkono, parataipu. Vinawekwa kwenye makumbusho yenye namba za usajili ili mtu yeyote aweze kuviazima na kuvikagua. Katika maandishi mnaeleza sifa zinazomtenga na ndugu zake wa karibu, mmoja mmoja kwa majina, baada ya kuviona vielelezo vyao vya asili, siyo michoro yake tu. Tangu mwaka 2012 mnaweza kuchapisha kwa njia ya elektroniki, mradi kazi isajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama.

Swali la mwisho: je, kielelezo kimoja kinatosha? Kanuni zinakubali. Mimi hutazama tofauti ni ya nini. Ikiwa ni tamvua, kiungo cha kupumulia, lililopo kwa huyu na halipo kwa ndugu zake wote, nitakubali hata kwa kamba mmoja. Ikiwa ni jino moja zaidi kwenye mwiba wa kamba asiyekomaa, andikeni Plesionika sp., yaani jenasi Plesionika, spishi bado haijulikani, na mmweke kabatini pamoja na kipande chake cha msuli. Kwenye lebo, chini ya kina na tarehe, andikeni mlisita kwa sababu gani: jino lipi, mguu upi uliokatika.