Bei ya Mnada Imefika Kwenye Simu, Majibu Je?

SOMOE: Haya, tumerudi hewani kutoka hapa Mtwara, na swali letu ni hili: simu inamfanya raia ashiriki kweli kwenye mambo yake? Kaka Issa, bei za mnada wa korosho wa jana umezionea wapi?

ISSA: Niulize kwenye makundi mangapi ya simu! Mnada hata haujafungwa, mtu keshapiga picha skrini ya TMX, soko la bidhaa linaloendesha mnada kwa mtandao: bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa. Zamani mpaka katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, arudi kijijini ndipo ujue korosho yako imekwenda kwa ngapi.

SOMOE: Kujua bei sawa. Ila mimi hiyo siiti kushiriki. Kushiriki ni useme, halafu mtu mwenye dhamana akujibu.

ISSA: Da Somoe, hebu ngoja. Oktoba 2018 wakulima huku kwetu si walizikataa bei za wanunuzi? Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kusomba mzigo. Huwezi kukataa bei kama huna habari za bei.

SOMOE: Walikataa wakiwa pamoja mnadani, si kwa kubonyeza simu. Mimi jipya nililoliona ni makato. Mkulima kasikia bei nono, hela ikiingia benki imepungua. Ushuru wa halmashauri humo, chama kikuu cha ushirika humo, usafirishaji humo. Sasa anapiga picha karatasi yake ya malipo, anaitupa kundini. Wa kijiji cha jirani anashtuka: "Mbona sisi usafiri tumekatwa kidogo?" Hapo sasa kuna swali la kupeleka mkutanoni.

ISSA: Na la mwandishi wa habari pia.

SOMOE: Angekuwa analifanyia kazi! Wengine wanachukua picha ileile, wanaandika juu yake "Wakulima walia", basi. Katibu hajapigiwa. Hakuna aliyeuliza kutoka kile kijiji hadi ghala kuu ni kilomita ngapi. Pengine tofauti yote ni umbali, pengine kuna mtu anakula. Hatujui, na aliyepaswa kutuambia kaishia kunakili.

ISSA: Hapo nakubali. Ila bila raia mwenye simu, mwandishi mara nyingine hana pa kuanzia. Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika kule Kilwa. Mwandishi wa Dar angefikaje, na njia ndiyo hiyo iliyobebwa na maji? Abiria waliokwama ndio walioturushia video.

SOMOE: Sawa, lakini mvua ikinyesha tu hakosekani wa kuleta mafuriko ya nchi nyingine akaapa ni Somanga, kulekule Kilwa.

ISSA: Hao wapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawangoja. Taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

SOMOE: Shida ni kwamba sheria hiyohiyo inamtia hofu na mwenye ukweli. Mama ana picha ya kisima kilichokufa, anajiuliza: nikikosea tarehe je? Anaifuta. Hebu niambie hapo tumepata nini.

ISSA: Na wenye vitochi, simu zisizo na intaneti, tumewasahau. Hawana kundi, hawana bando.

SOMOE: Hao wana redio, na wana mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Ukiniuliza mimi, kundi la simu lenye faida ni lile linalopeleka watu pale wakiwa na karatasi mkononi, mwenyekiti ajibu na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kundi la kutumiana "Ijumaa njema" na kulalamika usiku, mwenyekiti hata halimkoseshi usingizi.

ISSA: Labda yumo humo humo, anasoma kimya kimya!

SOMOE: Yumo sana, tena ndiye admini! Wasikilizaji, wiki ijayo tunaye katibu wa AMCOS hapa studio. Tutumieni karatasi zenu za makato tumsomee. Ila kabla hujatuma, funika jina lako na namba ya akaunti.