Kutoka Mkunazini mpaka Minara Miwili: Kanisa ni kitu gani?

Hamjambo ndugu zangu, waliosimama nyuma huko wasogee, hapa mbele viti vipo. Mie nlizaliwa Muanglikana hapahapa Mjini Unguja, nimebatizwa Mkunazini, kanisa kuu la Waanglikana, nimeimba kwaya Mkunazini, na leo mnajua nnasali Minara Miwili, kwa Wakatoliki. Kutoka kanisa moja mpaka jengine kwa miguu hata nusu saa haifiki, lakini mie ile safari ilinchukua miaka tisa.

Siku za mwanzo jirani yangu mmoja, Muislamu, tumekaa barazani na kahawa, akanuliza, "Yakhe, nasikia umebadili dini?" Nkamwambia hapana, dini ileile, Yesu yuleyule, Biblia ileile. Akanyamaza kidogo, akazungusha kikombe, kisha akasema, "Sasa umebadili nini?" Basi suali ni hilo, na sijapata mtu, padre wala mwalimu wa dini, alonuliza vizuri kuliko yeye.

Wengi wanadhani Mprotestanti akienda Ukatoliki kavutiwa na ubani na mishumaa na Mama Maria. Labda kwa mwengine, lakini sisi wa Mkunazini vyote hivyo tulikuwa navyo! Wamisionari wa UMCA, shirika la misheni kutoka Uingereza, waliotuletea dini walikuwa Waanglikana wa mrengo wa kikatoliki, kwa hiyo sisi tumekua tunasema Misa, tunamwita padre, tunaungama, sasa ningehama kufuata kitu ambacho nyumbani kipo? Nlichofuata ni jibu. Kanisa ni watu walioamini kisha wakakusanyika, wakawa Kanisa kwa kule kuamini kwao? Au ni kitu kilichokuwepo kabla yao, chenye mwili unaoonekana, kinachowapokea na kuwalea?

Walutheri jibu lao wameliandika tangu 1530 kwenye Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani, kwamba Kanisa ni mkutano wa watakatifu ambamo Injili inafundishwa sawasawa na sakramenti zinatolewa sawasawa. Jibu zito, msilidharau. Mie nlikwama kwenye neno moja tu, sawasawa, maana huyu anasema sawasawa ni kubatiza watoto na yule anasema watoto hawabatizwi na wote wawili Biblia wameishika mkononi, sasa nani apime?

Na msidhani ni mambo ya Ulaya haya. Askofu Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924, aliwahi kulitikisa Kanisa la Uingereza zima akiwa hapa Unguja. Juni 1913 kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana wakapanga shirikisho, Waanglikana na Wapresbiteri na Wamethodisti na wengineo, na mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa akaadhimisha komunyo kwenye kanisa la Waskoti na wasiokuwa Waanglikana wakapokea. Weston habari zilipomfikia akawashtaki maaskofu wenziwe, Peel pamoja na Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, shtaka lenyewe uzushi na mfarakano, si mchezo. Akaandika na barua ya wazi akiuliza Kanisa la Kianglikana linasimamia nini hasa. Manake Wapresbiteri wale maaskofu hawana, na kama askofu ni wa lazima, mkono kwa mkono kutoka kwa mitume, basi ni wa lazima Unguja na Kikuyu. Kama si wa lazima tuambiwe. Jibu la Canterbury lilitoka 1915, la kati kwa kati, hakuna aliyehukumiwa, ila komunyo kama ile isirudiwe.

Mie nliisoma habari hiyo nikiwa kijana, na kusema kweli nlikuwa upande wa Weston na mpaka leo nipo upande wake. Yeye hakuhama, alikufa Muanglikana, japo 1923 akiwa mwenyekiti wa kongamano kule London alipeleka salamu za telegramu kwa Papa watu wakapiga kelele. Mie suali lake lilinitoa nyumbani.

(Tungoje kidogo adhana imalize... haya.)

Aliyenivusha ni John Henry Newman. Kasisi wa Kianglikana, msomi wa Oxford, mwaka 1839 alikuwa anasoma ugomvi wa zamani wa kwetu Afrika, Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga wakisema Kanisa ni letu tuliobaki safi, maaskofu waliosaliti wakati wa mateso hawafai wala sakramenti zao hazifai. Agostino, Mwafrika mwenzao, akawajibu kwamba dunia nzima ya Kikristo ikihukumu inahukumu kwa uhakika, kikundi cha upande mmoja wa dunia hakiwezi kuwa ndo Kanisa peke yake. Newman yale maneno yakamkaa. Alipambana nayo miaka sita, mpaka usiku mmoja wa Oktoba 1845 akaja padre Mtaliano, Dominic Barberi, kalowa mvua chapachapa, na kabla hajakauka pale motoni Newman keshamwendea anaomba kuungama. Tarehe 9 akapokelewa.

Sasa nisiwafiche na panaponiuma. Mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kwamba daraja za Kianglikana, yaani upadre na uaskofu wao, ni batili kabisa. Fikirini mtu wa Mkunazini anavyolisikia hilo, kanisa limejengwa kwenye soko la watumwa, Askofu Steere aliyelijenga kazikwa nyuma ya altare, uambiwe yule hakuwa padre. Mie nnayakubali mafundisho ya Kanisa langu na hili bado linanikaa kooni. Linaloniudhi zaidi ni Mkatoliki anayempokea aliyehama kama katoka upaganini. Siku moja mtu akanambia mlangoni baada ya Misa, "Hongera, sasa umekuwa Mkristo." Ndugu zangu, hayo si mafundisho ya Kanisa! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1964, umesema Kanisa la Kristo linadumu katika Kanisa Katoliki, na papohapo ukasema nje ya mipaka yake mna mengi ya utakatifu na ya kweli.

Mama yangu ndo aliyenitia katika mtihani. Nlipomwambia alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso, akauliza, "Kwa hiyo ubatizo nliokupeleka mie haukuwa kitu?" Nkashindwa kujibu. Nkaenda kwa padre, akanambia cheti cha Mkunazini ukilete hichohicho, ubatizo ni mmoja haurudiwi, wewe utaungama, utapata kipaimara na Ekaristi, basi. Cheti kilikuwa kwenye kitabu cha sala cha mama, kitabu kimeachia gamba, kimefungwa kwa uzi mweusi. Akaufungua uzi mwenyewe, akanipa.

Haya, namuona padre wa Mkunazini kainua mkono tangu nlipomtaja Papa Leo, aanze yeye.