Mliovunja Mabaraza, Nisikieni

Asalaam aleikum. Na wengine nyote, habari za jioni.

Mwenyekiti amenitambulisha vizuri, nashukuru, ila amesahau kuwaonya kwamba mhadhara huu nimeshautoa mara nyingi. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, nami nawaona pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Aliyekuja kuelezwa kwamba Mreno alianza kuijenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593, na kwamba UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, basi ndiyo hayo, ameshayapata. Mimi nimekuja kwa ajili ya baraza, lile la kuketi mbele ya nyumba.

Mgeni akiingia Mji wa Kale kutoka Digo Road, dakika tano tu, akaacha nyuma matatu na tuktuk na wauza mitumba, husema maneno yale yale: "Mna raha nyinyi! Kimya hivi, na mji uko hapo tu!" Kana kwamba kimya kinaota chenyewe ukutani kama kuvu.

Kimya chetu kina sababu mbili. Ya kwanza haina sifa kwetu: biashara ilituhama. Zamani kelele zote zilikuwa hapa. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga Bandari ya Kale yakingoja kusi iyarudishe kwao. Makuli, madalali, tende, papa mkavu, hakuna aliyelala. Reli ikaanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zikawa za Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na kelele zikafuata fedha. Kwa hiyo msijigambe sana.

Sababu ya pili ni kazi ya watu, nayo inafanyikia kwenye baraza.

Vijana wa usanifu mliokaa mbele, andikeni. Baraza si benchi. Benchi unalibeba ukaondoka nalo. Baraza ni mawe na chokaa vilivyoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba, na mwenye nyumba amelitoa kwa mtaa bila kuandikiana na mtu. Mgeni anapokewa pale, watu wa ndani wakabaki na faragha yao. Muuza kahawa anasimama pale na dele lake, anagonga vikombe, na hiyo ndiyo kelele pekee iliyoruhusiwa baada ya magharibi.

Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa na ringi la baiskeli, nalisukuma kwa kijiti. Siku moja, baada ya adhuhuri, saa ambayo mji wote umejilaza, nikatoka nalo Kibokoni nikielekea Ndia Kuu. Ringi la chuma juu ya mawe, mnajua linavyolia. Baraza la kwanza, mzee mmoja aliinua kidole tu. Nikapita. Baraza la pili nikaambiwa, "Mwanangu, hapa ndani kuna mgonjwa." Nikapunguza mwendo, si sana. La tatu hawakunikataza kitu. Mmoja alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Huyu si mjukuu wa fulani?" Basi! Ringi likapanda begani, nikageuka nyumbani kimya kama mwizi. Nafika mlangoni, mama amesimama, ameshaambiwa. Mpaka leo sijui habari ilipita uchochoro gani ikanitangulia.

Hakuna polisi pale, hakuna bango la "Usipige Kelele". Kuna watu watatu walioketi, na kila mmoja anajua bibi yangu ni nani.

Najua mtakaloniuliza, maana huulizwa kila mara, na kwa kawaida anayeuliza ni msichana, na ana haki: "Mwalimu, si ni mahali pa wanaume wasio na kazi?" Ndiyo, mwanangu, wengi hawakuwa na kazi. Na umbea uliopikwa pale ungewaaibisha wanawake wa mtaa mzima, sisi tunaosingiziwa umbea. Mimi sikuketi barazani hata siku moja. Sisi tulikuwa juu, dirishani, tunasikiliza. Lakini nililala usingizi wa mchana miaka yote hiyo kwa sababu wale wazembe walikuwa macho. Leo watu wanalipia kamera, na kamera haimjui bibi ya mtu.

Sasa jirani yangu. Simtaji; akiwa humu ndani, atajijua. Alirithi nyumba ya babake, akarudi na fedha kutoka Ghuba, akataka pa kuegesha pikipiki. Akaita fundi avunje baraza. Fundi alipiga nyundo siku mbili nzima, jiwe halitaki kutoka. Jamani, kitu kikikukatalia siku mbili, huulizi kwa nini kiliwekwa? Likatoka. Likawekwa geti la chuma, ambalo likifungwa alfajiri linaamsha watoto nyumba nne. Wazee wawili waliozoea kuketi pale wakahamia msikitini, mmoja akabaki ndani na redio. Muuza kahawa akabadilisha njia. Pale palipobaki wazi wakaja bodaboda kungoja abiria, na muziki wao. Kisha usiku mmoja pampu ya maji ya jirani yangu huyo huyo ikaibwa. Akaja kwangu asubuhi: "Mwalimu, mtaa mzima huu, hakuna aliyeona?" Nikamwambia, waliokuwa wakiona uliwabomolea viti.

Halafu ikaja mvua ya masika. Baraza lilikuwa limefunika mguu wa ukuta, maji yakiruka kutoka njiani yanaishia hapo. Sasa yanapiga ukuta wenyewe. Unyevu ukapanda. Akaenda kununua nini? Saruji! Akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, niende mbio. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa tena. Ukiufunga kwa saruji, unyevu unabaki ndani, lipu inavimba, inabanduka vipande vipande, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Watu wanasema nyumba za zamani ni mbovu. Waulizeni kwanza walizipaka nini. Chokaa inataka subira: mawe yachomwe tanuuni, yazimwe kwa maji, ikae miezi. Hatuna subira. Boriti za mikoko nilitaka kuwaeleza kwa nini ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, na roshani nilikuwa nazo kurasa tatu hapa. Ziacheni.

Sheria? Ipo, ya makumbusho na urithi, ya mwaka 2006. Ofisi ya uhifadhi ipo. Lakini msingoje ofisi. Na usiniambie kwamba nataka tuishi ndani ya jumba la makumbusho. Mimi nina friji, nina intaneti, wajukuu wangu wana kelele zao. Vunja jikoni, tia vigae, weka choo cha kisasa, nitakuja kukupongeza. Mlango wa mbele ndio ninaokuomba uniachie, na hicho kipande cha jiwe kilichofika magotini.

Jirani yangu wiki iliyopita ameweka ubao juu ya matofali mawili pale palipokuwa na baraza. Unayumba. Jana magharibi niliona mzee mmoja ameketi, ameegemea geti. Muuza kahawa bado hajarudi.

Haya, maswali. Wewe mwenye shati la buluu, anza. Na kama ni la roshani, nitakushukuru.