Maji Kwanza, Mche Baadaye: Kurejesha Mikoko ya Pwani

Mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa ni urejeshaji wa fukwe na milango ya mito iliyoharibika. Nitaibana katika mikoko ya pwani ya Kenya, ambako yaliyofaulu na yaliyoshindikana yanapatikana karibu karibu.

Tuanze na hori la Mwache, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, magharibi mwa Mombasa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukatua horini na kuifukia mizizi. Tope la mikokoni halina hewa ya kutosha, kwa hiyo mkoko huipata kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye mizizi yake ya juu, ile iliyosimama mithili ya magongo, na mchu, aina nyingine ya mikoko, nao huchomoza vijiti vyembamba wima kuuzunguka mti mzima. Vikifunikwa, mti hukosa pumzi hata kama haujaguswa na shoka, na ndivyo miti mingi ya Mwache ilivyokauka ikiwa imesimama. Anayekwenda kupanda mahali kama hapo bila kuuliza udongo ule ulitoka wapi, na kama masika makubwa yajayo hayatauleta tena, anapanda kwa ajili ya picha.

Jambo la pili ni mahali pa kupandia. Wakata boriti wa pwani walijua zamani kwamba mlilana hukaa upande wa bahari, ukifuatwa na mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, kisha mkandaa kule ambako maji hufika zaidi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, huku mchu ukionekana upande wa bahari na upande wa nchi kavu pia. Mpangilio huo hutegemea sana ni mara ngapi kwa mwezi maji hufika na hukaa kwa muda gani. Hata hivyo miradi mingi hupanda mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake huchipua ikiwa bado inaning'inia mtini, ndefu na nzito upande wa chini, na kuichomeka topeni hakuhitaji kitalu wala ujuzi. Ikichomekwa kwenye tope tupu ambalo maji hayaliachi ila kwa saa chache, mawimbi huisukasuka mpaka ing'oke. Ikichomekwa juu ya majani ya bahari, tumeharibu malisho na malezi ya samaki kwa kutafuta msitu ambao hautaota.

Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, ina habari tofauti. Mikoko yake ilikatwa mno katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wakaanza majaribio ya kuipanda upya. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo msitu wao huihifadhi, kutokana na hekta 117, na fedha zake zimesaidia maji na shule. Linalosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili unaolindwa, na zilizopandwa ni chache. Tena mivinje imepandwa nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni. Kwangu mimi mivinje hiyo ni kazi ya urejeshaji kamili, maana mwenye nyumba ya kuezeka ataitafuta boriti popote ilipo.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza mche mmoja, chomekeni vijiti vyenye alama kuanzia ukingoni mpaka ndani, mwandike maji yanafika wapi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, kisha mlinganishe na msitu wenye afya ulio jirani. Kama tuta la barabara au la bwawa la chumvi limeyazuia, lifunguliwe. Miti mizazi ikiwa karibu, maji yenyewe yataleta mbegu, na kitalu kitahitajika tu pale zisipofika. Kwa wafadhili waliomo ukumbini nina ombi: mikataba yenu isilipe kwa hesabu ya miche iliyochomekwa siku ya uzinduzi, ilipe kwa ile iliyo hai baada ya miaka mitatu, na bajeti iwe na fungu la mtu wa kurudi kuihesabu.