Sade Adu: Dada Asiyekuwa na Haraka

ZUHURA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Leo kaka Kassim kaniletea mwimbaji Sade Adu, na kanikataza kabisa kusema ni muziki wa mahaba wa saa sita usiku redioni.

KASSIM: Sijakukataza, nimekuomba. Tukianzia huko hatutoki. Mie nataka tuanzie kwenye nguo.

ZUHURA: Nguo tena!

KASSIM: Ndiyo, maana muziki hakuusomea. Alisomea ubunifu wa mavazi pale Saint Martin's, London, akawa anabuni nguo za kiume na kufanya uanamitindo kidogo. Uimbaji ulimkuta njiani: marafiki zake wa shule walikuwa na kikundi, hawana mwimbaji, wakamwambia njoo utusaidie.

ZUHURA: Kwao ni Nigeria lakini, si ndiyo?

KASSIM: Kazaliwa Ibadan, 1959. Helen Folasade Adu. Baba Mnigeria, mhadhiri wa uchumi. Mama Mwingereza, muuguzi. Wazazi wakaachana, na akiwa na miaka minne mama akarudi naye Uingereza, Essex.

ZUHURA: Haya, sasa hizo nguo.

KASSIM: Kumbuka London ya 1984 ilivyokuwa. Wasanii wamejaza rangi usoni, nywele zimesimama kwa dawa, mabega ya koti yamepachikwa sponji hadi mtu hapiti mlangoni. Halafu anatokea huyu. Nywele kazivuta nyuma zote, msuko mmoja. Hereni kubwa za duara. Mdomo mwekundu. Basi! Mara nyingine jinzi na koti la kiume. Huyo ni mtu anayejua mkasi. Fundi mzuri unamjua kwa alichokiondoa.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono. Na muziki wenyewe ndivyo ulivyo. Msikilize mpiga saksafoni wake, Stuart Matthewman, kwenye "Your Love Is King": saksafoni inaingia, inasema neno lake, inampisha dada.

KASSIM: Na wengi wanadhani Sade ni yeye peke yake, kumbe ni jina la bendi. Matthewman kwenye gitaa na saksafoni, Paul Denman kwenye besi, Andrew Hale kwenye kinanda. Walianza pamoja kwenye albamu ya kwanza, "Diamond Life", mwaka 1984, na ni haohao kwenye albamu ya 2010. Niambie bendi gani unayoijua wewe imekaa hivyo bila kugombania hela.

ZUHURA: Sitaji, tutashtakiwa. Ngoja nikuulize, umeshamwona kwenye lile tamasha la Live Aid?

KASSIM: Uwanja wa Wembley, London, Julai 13, 1985! Nilikuwa naisubiri hiyo.

ZUHURA: Maana kuna kitu watu wanakirudiarudia, kwamba siku ile Sade ndiye aliyekuwa msanii pekee mzaliwa wa Afrika kwenye jukwaa la Wembley. Jamani! Na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, je? Yule kazaliwa Zanzibar, 1946, Farrokh Bulsara. Mnamsahau mtoto wa Mji Mkongwe?

KASSIM: Wallahi umenipiga chenga. Walikuwa wawili.

ZUHURA: Wawili, kwenye tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia. Sasa waangalie wote wawili. Freddie, fulana nyeupe, anakimbia huku na huko na kipande chake cha stendi ya maiki, uwanja mzima unapiga makofi pamoja naye. Sade, nguo nyeupe, mgongo wazi, hereni zilezile. Anasogea taratibu, kama yuko sebuleni kwake. Watu zaidi ya elfu sabini mbele yake, na yeye hapandishi sauti.

KASSIM: Ndicho ninachokisema mimi! Umaridadi wake ni kutohangaika.

ZUHURA: Hapo sasa tunaachana. Kutohangaika ni rahisi ukishakuwa na pesa, kaka. "Diamond Life" iliuza mamilioni, "Promise" ikashika namba moja Marekani, 1986 hiyohiyo akachukua Grammy ya msanii mpya bora. Baada ya hapo hata mimi nisingehangaika.

KASSIM: Wangapi wamepata hizo pesa na bado wanatafuta kiki kila wiki? Yeye katoa "Love Deluxe" 1992, kanyamaza miaka minane hadi "Lovers Rock". Kanyamaza tena kumi. Albamu sita tu za studio hadi leo. Na aliporudi 2010 na "Soldier of Love", wiki ya kwanza Marekani zikauzwa nakala kama laki tano.

ZUHURA: Msanii wetu akikaa miezi sita kimya, watu wanasema kaishiwa.

KASSIM: Na anaamini, anarudi studio kabla hajawa na la kusema.

ZUHURA: Sawa, lakini na wewe kubali: kuna nyimbo zake zinafanana. Ukiweka albamu mbili mfululizo ukaenda jikoni, ukirudi hujui uko ya ngapi.

KASSIM: Nakubali nusu. Sauti yake haina eneo kubwa, na yeye analijua hilo, haendi kupanda milima. Ila sikiliza "Pearls", iko "Love Deluxe". Ni habari ya mwanamke wa Somalia, anaokota punje za nafaka barabarani ili binti yake ale. Vinanda vya nyuzi tu, hakuna ngoma. Pale sauti inapanda kweli, na unashtuka kwa sababu miaka yote alikuwa hapandishi.

ZUHURA: Ule ndio wimbo wangu kwake. Siuchezi na watu ndani.

KASSIM: Na wa 2024, "Young Lion"? Kamwandikia mwanawe Izaak, mwanamume aliyebadili jinsia. Mama anamwomba mtoto radhi kwa kutotambua mapema.

ZUHURA: Nimeusikia. Mambo yake ya nyumbani hayasemi kwenye mahojiano, yuko kijijini kwake huko Gloucestershire, halafu siku moja anayaweka kwenye wimbo na kurudi zake ndani. Haya, anayeanza leo aanze na albamu gani?

KASSIM: "Love Deluxe", bila ubishi.

ZUHURA: Ubishi upo. "Lovers Rock". Gitaa lile la "By Your Side" halina mpinzani.

KASSIM: Da Zuhura, hiyo ni albamu ya watu waliochoka!

ZUHURA: Ndio sisi haohao. Wasikilizaji tuandikieni, mumwambie kakangu ukweli. Wiki ijayo saa ileile.