Japani Haitazamwi kwa Kukimbia

Mabibi na mabwana, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikililia jambo hili, na leo nalililia tena, kwa sababu ratiba ninazoonyeshwa bado ni zile zile: Tokyo siku mbili, Kyoto siku moja yenye mahekalu saba, Nara mchana, Osaka usiku, kisha uwanja wa ndege. Mahekalu saba kwa siku moja! Toa muda wa basi, toa foleni ya kiingilio, toa kuvua na kuvaa viatu. Kinachobaki ni kupiga picha na kuondoka.

Naanza na mawe, maana mawe ndiyo yanayobeba hoja yangu yote.

Ukiingia bustani ya nyumba ya chai, mahali ambapo Wajapani hunywa chai kwa adabu na taratibu maalumu, unapita juu ya mawe yaliyotenganishwa, yameinuka sentimita chache juu ya ardhi. Ni kweli yanakuepusha na matope na yanailinda mimea ile midogo ya kijani inayotanda ardhini isikanyagwe. Lakini angalieni yanavyoufanyia mwili. Ni madogo, hayalingani, na nafasi kati yake ni fupi kuliko hatua yako ya kawaida. Huwezi kuyapita bila kuinamisha macho. Unatazama chini, jiwe hadi jiwe, mara unafika kwenye jiwe pana linalotosha miguu yote miwili. Hapo mwili unasimama wenyewe na kichwa kinainuka. Na pale kinapoinuka pana kitu: taa ya mawe, birika la kunawia, au bwawa lililokuwa limefichwa na miti. Fundi alikuchagulia pa kusimama kabla hujazaliwa.

Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa chai aliyefariki mwaka 1591, anasimuliwa kuwa alitaka mawe haya yawe sehemu 6 urahisi wa kutembea na sehemu 4 uzuri wa kutazama. Mwanafunzi wake Furuta Oribe akaugeuza mpango huo: 4 kutembea, 6 kutazama. Mabingwa wawili wanatofautiana juu ya namna mgeni atakavyokanyaga, halafu wewe unapita hapo mbiombio huku ukijirekodi kwa simu! Ndiyo maana watu wanateguka vifundo vya miguu. Jiwe likilowa huteleza, na mawe yamepangwa kwa mtu anayeyatazama. Vaeni viatu bapa vyenye soli ya mpira, vinavyovulika bila kuinama kwa dakika tatu. Visigino vyembamba vinazama kandokando ya jiwe, na begi la magurudumu halina kazi humo.

Njia ikigawanyika, huenda mkakuta kijiwe kama ngumi, kimefungwa kamba nyeusi kwa msalaba, kimewekwa juu ya jiwe la kukanyagia. Maana yake njia hiyo imefungwa. Hakuna kibao wala mlinzi wa kukukemea. Mwenye haraka hukiruka, kisha anajikuta ndani ya eneo la watu waliomo kwenye chai yao.

Na Katsura, bustani ya kifalme ya karne ya 17 kule Kyoto, inayotembelewa kwa kuomba nafasi, mwanzoni mwa matembezi msonobari mmoja umepandwa kwenye ncha ya ardhi makusudi, ukuzibie bwawa. Hupewi mandhari yote mlangoni. Utaipata ukitembea.

Najua mtu ananyanyua mkono moyoni: “Lakini sina siku nyingi.” Sijakuambia uongeze siku. Punguza mahali! Kyoto, sehemu mbili kwa siku zinatosha. Ryoan-ji, hekalu lenye bustani ya mawe, hufunguliwa saa 2 asubuhi kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 2 na nusu miezi ya baridi. Uwe langoni kabla. Kaa barazani. Mbele yako pana changarawe kiasi cha mita 25 kwa 10 na mawe 15 katika mafungu matano, yamepangwa hivi kwamba ukikaa popote barazani walau moja linafichika. Watu husikia habari hiyo, wakakimbia kushoto na kulia wakihesabu, kisha wakaondoka. Hesabu si kazi uliyoijia! Kaa robo saa mahali pamoja, halafu hamia upande mwingine uone mafungu yanavyobadilisha ujirani. Tazama na ukuta wa nyuma: ni wa udongo uliotiwa mafuta, na mafuta hayo yamevuja miaka kwa miaka hadi yakauchora madoa unayoyaona. Ukitoka, zunguka bwawa kubwa lililo chini, ambalo wenye mabasi wanalipita kana kwamba ni maegesho.

Mwingine atasema, “Nimeshalipia pasi ya treni, lazima niitumie.” Pasi ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Ili irudishe fedha yake inakulazimu ushinde kwenye treni. Kata tiketi moja moja: Kyoto hadi Himeji kwenye ngome, Himeji hadi Kinosaki kwenye mabafu ya maji moto, Kinosaki kurudi Kyoto. Jumla yake haifiki hata nusu ya pasi. Begi kubwa likabidhi mapokezi ya hoteli asubuhi, walisafirishe. Kwa kawaida hufika hoteli inayofuata kesho yake. Wewe bakia na mkoba wa nguo za usiku mmoja.

Himeji, kutoka stesheni ni barabara moja iliyonyooka, kama kilomita moja, na ngome unaiona mbele muda wote. Mnara mkuu ulikamilika mwaka 1609 chini ya Ikeda Terumasa, na ni mmoja wa minara 12 ya zamani iliyosalia nchini. Ule wa Osaka ni wa zege, wa mwaka 1931, una lifti. Makumbusho mazuri, lakini usiseme umeona ngome ya mbao. Sasa sikilizeni: kutoka lango la Hishi hadi mnara, kwa mstari ulionyooka, ni mita 130 hivi. Njia yenyewe ni kama mita 325. Inakata kona, inapita malango membamba, inashuka pale ulipotegemea kupanda, na mnara unapotea nyuma ya kuta. Ni ufundi ule ule wa bustani, ila hapa anayecheleweshwa ni adui, na matundu ya kuta yanamsubiri: marefu kwa mishale, ya duara, pembetatu na mraba kwa bunduki. Ndani unavua viatu na kuvibeba kwenye mfuko. Ngazi ni wima. Shuka kinyumenyume ukishika kishikio cha ngazi. Majira ya baridi sakafu ni baridi kama barafu, vaa soksi nzito. Kando yake kuna Koko-en, bustani tisa zenye kuta, za mwaka 1992. Kunywa chai humo.

Muda unanibana, maji moto nitayapitia haraka. Treni za Hamakaze kutoka Himeji kwenda Kinosaki ni chache kwa siku. Panga safari kwa saa zake. Fika nyumba ya wageni ya Kinosaki kati ya saa 9 na 11 alasiri, maana chakula cha jioni huandaliwa kwa saa maalumu na jikoni hawangoji. Utapewa yukata, vazi jepesi la pamba, na mitalawanda. Upande wa kushoto wa vazi uje juu ya kulia. Kinyume chake huvishwa maiti. Mabafu ya umma ni saba na kila moja lina siku yake ya kufungwa. Oga kwanza ukiwa umekaa, suuza povu lote, ndipo uingie. Kitaulo kisiguse maji. Kwenye nyuzi 40 hadi 42, dakika tano hadi kumi zinatosha. Toka taratibu, kizunguzungu huwapata wanaoinuka ghafla. Usiingie umelewa. Penye maji ya salfa, vua pete ya fedha, itageuka nyeusi.

Wanaojali sitara, na ni haki yao: wanaume na wanawake hutenganishwa, lakini ndani watu wako uchi na nguo za kuogelea hazikubaliwi. Kodi bafu la faragha, au chumba chenye bafu lake. Wenye tatuu, Kinosaki wanapokelewa. Kwingine ulizeni kabla. Wasiokula nguruwe na kileo, semeni wakati wa kuweka nafasi, si mezani, kwa sababu mvinyo wa mchele huingia hata kwenye mchuzi wa samaki.

Koyasan, kule mlimani ambako mahekalu hulaza wageni, sikupata muda wa kuieleza. Mkienda, fikeni kabla ya saa 11 jioni na mlale mapema, kwani ibada ni alfajiri. Sasa maswali.